Kinyonga wa Shengena Si wa Mkebeni

Katika barabara ipandayo kutoka Same mjini kwenda Mbaga, pale ambapo joto la tambarare huanza kumwacha msafiri na migomba ya kwanza kuonekana, nilikuta vijana wawili wamesimama kando ya njia. Mmoja alishika fimbo. Juu ya fimbo hiyo alikuwapo kinyonga dume mwenye pembe mbili bapa puani, amefungwa uzi wa nailoni kiunoni, na rangi yake imekuwa nyeusi karibu sawa na mkaa. Walikuwa wakimsubiri mtalii. Walipoona gari limesimama na kushuka Mswahili mwenzao, nusura waende zao, lakini yule mkubwa akaona si vibaya kujaribu bahati.

"Shikamoo, kaka. Kupiga picha ni elfu mbili. Ukimtaka kabisa, elfu kumi."

Nilimwuliza kama mnyama wake amekunywa maji. Akanionyesha kifuniko cha chupa ya soda kilichojaa maji safi kabisa. "Tangu jana nimemwekea. Hataki. Ana kiburi."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kijana yule hakuwa mkatili. Alitumia maji ya ndoo aliyoyabeba mwenyewe, akayaweka mbele ya mnyama, akangoja. Hakujua jambo moja tu, nalo ndilo lililokuwa likimwua kinyonga wake: kinyonga hanywi maji yaliyotuama. Huko porini yeye hunywa umande. Hulamba matone yanayotiririka juu ya majani alfajiri au baada ya mvua, na maji yaliyotulia katika chombo huenda asiyatambue kuwa ni maji. Anaweza kufa kwa kiu mbele ya kifuniko kilichojaa.

Sina haki ya kumcheka. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi nilikwenda likizo kwa mjomba wangu huko Chome, nikarudi Same na kinyonga ndani ya mkebe wa biskuti niliotoboa matundu kwa msumari. Nilimwekea kisahani cha maji na kipande cha ugali. Mkebe niliuweka dirishani ili apate mwanga. Siku ya kwanza alikuwa na rangi ya kijani; siku ya pili akawa mweusi; siku ya tatu macho yake yakaanza kudidimia na akayafumba mchana kutwa. Siku ya nne nilimzika nyuma ya jiko. Bibi yangu, ambaye kwa kuogopa kinyonga hakuwahi kuingia chumba kile kwa siku zote nne, alisema mlima umemdai mtu wake. Nilidhani ni maneno ya wazee tu.

Sasa najua kwamba bibi alikuwa karibu sana na ukweli wa kitaalamu. Same mjini na Chome ni wilaya moja, lakini kwa kinyonga ni kama nchi mbili. Mji uko katika tambarare kavu nyuma ya milima, na katika miezi ya joto jua la mchana hupita nyuzi 30 kwa urahisi. Kule juu, kuelekea kilele cha Shengena kilicho karibu mita 2,460 kutoka usawa wa bahari, ukungu hulala juu ya miti hadi jua limepanda, na usiku mtu hujifunika blanketi mbili. Kinyonga aliyezaliwa katika ukungu ule mwili wake umezoea mchana wa wastani na usiku wa baridi. Hali ya hewa ya Same mjini, ambayo sisi binadamu tunaivumilia kwa kulalamika, yeye humchosha, humkausha na kumwua. Mimi nilimteremsha katika joto hilo, kisha nikamtia ndani ya bati nililoliweka juani.

Wapo watu katika nchi za Ulaya na Marekani ambao wamefanya ufugaji wa vinyonga na mijusi kuwa kazi yao ya baada ya kazi. Wengine wetu huwaona kuwa watu wasio na la kufanya. Mimi naona kuna jambo la kujifunza kwao, kwa sababu kila sharti walilogundua ili mnyama huyu asife mikononi mwao ni maelezo ya mlima wetu. Wao wameufahamu kwa lazima, maana hawanao.

Mfugaji anayejua kazi yake hatumii sanduku la kioo kwa kinyonga mkubwa. Hutumia kizimba cha wavu, kirefu kwenda juu, ili hewa ipite. Hewa ikisimama humletea mnyama maradhi ya mapafu. Isitoshe, kinyonga akijiona katika kioo hudhani ni adui ameingia katika milki yake, akakasirika kutwa nzima bila kupumzika. Ndani ya kizimba hutia matawi na majani mengi ya kujificha, maana mnyama asiyeweza kujificha haishi kwa amani hata akishiba. Wawili hawawekwi pamoja. Kinyonga si kuku. Huishi peke yake, na kumwona mwenzake kila anapofumbua macho kwatosha kumdhoofisha, hata kama hawakupigana.

Mara kadhaa kwa siku majani hunyunyiziwa maji laini kama manyunyu, au hutundikwa chombo kinachodondosha tone moja moja. Usiku joto hupunguzwa. Kwa jamii za milimani, wafugaji hodari hutafuta nyuzi 22 hadi 26 mchana, na usiku zishuke chini ya 18. Wapo wanaonunua mitambo ya kutengeneza ukungu. Ndugu msomaji, fikiri jambo hilo: mtu analipa umeme mwaka mzima ili chumba chake kifanane na alfajiri ya Chome.

Kuna suala la jua. Mionzi ya jua iitwayo urujuanimno huusaidia mwili wa mnyama huyu kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo hawezi kuitumia kalsiamu iliyomo katika chakula. Kioo cha dirisha huizuia karibu yote, kwa hiyo kumweka nyuma ya dirisha ni kumpa joto la jua na kumnyima faida yake. Wafugaji hutumia taa maalumu, nazo taa hizo huchoka. Baada ya miezi kadhaa huendelea kuwaka vizuri machoni petu ilhali mionzi imekwisha, na asiyejua hushangaa mnyama wake anapata matege huku taa inang'aa. Mifupa huwa laini, miguu hupinda, taya hulegea, mkono hushindwa kushika tawi, ulimi hautoki tena kwa nguvu. Ni maradhi yale yale ya watoto wetu wanaolelewa gizani kwa lishe duni. Kinga yake ni jua la kweli, pamoja na kuwapaka wadudu unga wa kalsiamu kabla hawajaliwa.

Na wadudu wenyewe hawatakiwi kuwa wa namna moja. Porini kinyonga hula panzi, nzi, nondo, nyenje na buibui. Akipewa nyenje tu mwezi hadi mwezi hukinai, na hata akila hapati kila anachohitaji. Mdudu asiwe mpana kuliko kichwa cha mlaji. Na nyenje waliosalia jioni hawaachwi humo, maana usiku mlaji akilala wao huamka wakamtafuna yeye. Jike mwenye mayai huhitaji udongo wenye kina na unyevu wa kuchimba. Asipoupata huyazuia mayai tumboni mpaka yamwue. Vinyonga wengi wa kike waliokufa mikononi mwa watu walikufa hivyo, na mwenye kizimba akadhani ni uzee.

Mjusi ana yake pia. Yule mjusi kafiri wa ukutani, ambaye jina lake lenyewe ni hukumu, hujibadili ngozi mara kwa mara. Hewa ikiwa kavu mno ngozi ya zamani hubaki vidoleni kama pete, ikabana damu, na vidole vikakatika kimoja kimoja. Mjusi asiye na vidole hawezi kupanda ukuta wala kukamata mbu. Mkia wake nao ni ghala ya mafuta, na kila amshikaye kwa pupa humwondolea akiba ya chakula. Nayasema haya kwa ufupi kwa kuwa mjusi kafiri kwetu hahitaji kufugwa. Alikwisha kuhamia mwenyewe na hataki chochote ila aachiwe taa na dari.

Lakini yuko mjusi mwingine wa nchi hii, na habari zake hazitaki ufupi. Katika msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro, huishi mjusi mdogo ambaye dume lake ni buluu kama anga iliyooshwa na mvua. Msitu wenyewe una ukubwa wa hekta kama 400 tu. Mjusi huyu hukaa juu ya miti ya mikadi, na kwa uzuri wake akawa bidhaa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilitoa humo mijusi isiyopungua 32,310, na yaelekea hata 42,610. Mikadi ilikatwa ili kuwafikia walio juu. Yaani ili kumpata mpangaji mmoja ilibomolewa nyumba ya wapangaji wote. Ndipo katika mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, Tanzania ikafanikiwa kuona mjusi huyu anaingizwa katika orodha ya kwanza ya mkataba, ambayo huzuia biashara ya waliokamatwa porini. Katika mkutano huo huo vinyonga vibeti wa Afrika nao wakatiwa katika orodha ya pili, inayodai vibali. Uamuzi ulianza kutumika Januari 2, 2017.

Jambo hili latuhusu moja kwa moja watu wa Same. Katika misitu ya Pare na Usambara ya Magharibi yuko kinyonga kibeti wa kijani, mdogo kama kidole, akaaye katika vichaka na majani ya chini ya msitu. Wataalamu walimpa jina lake la kisayansi mwaka 2006 tu: Rhampholeon viridis. Duniani kote hana kwao kwingine. Na yule dume mwenye pembe mbili aliyefungwa uzi barabarani ni wa jamii inayopatikana katika milima hii ya Pare, Meru na Kilimanjaro. Tukimmaliza huku hatuwezi kuagiza mbegu kutoka nje.

Januari 2021 maofisa wa forodha katika uwanja wa ndege wa Vienna, nchini Austria, walitangaza kwamba walimkamata mtu aliyetoka Tanzania kupitia Ethiopia akiwa na vinyonga 74 katika mizigo yake. Alikuwa amewatia ndani ya soksi na vikopo vitupu vya aiskrimu. Walitoka Usambara, jirani zetu wa karibu kabisa, na miongoni mwao walikuwamo wadogo wa wiki moja. Thamani yao katika soko la magendo ilikadiriwa kuwa kiasi cha euro 37,000. Walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Schönbrunn wakatunzwe. Watatu hawakupona.

Wasomaji wengine watasema watatu kati ya 74 si wengi. Hiyo ni hesabu ya wale waliofika mezani kwa forodha. Anayetaka hesabu kamili aanzie kwa kijana aliyewakamata kwa tochi, aende kwa mchukuzi aliyewaweka siku kadhaa katika mfuko, apitie katika chumba cha kuwakusanyia ambako wamelundikwa wote pamoja, ingawa tumeona kwamba hata wawili hawastahili kukaa pamoja. Mnyama wa porini huingia kifungoni na minyoo yake. Akiwa mzima mwili huidhibiti. Akiisha kukosa maji, usingizi na maficho, minyoo humshinda. Anayemnunua mwishoni hupokea mgonjwa, akafa baada ya wiki mbili, naye akanunua mwingine. Hivyo ndivyo soko linavyojilisha.

Serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mnamo Machi 2016, wafanyabiashara waliokuwa na leseni walibaki na wanyama katika mabanda. Juni 2022 ikatangazwa kwamba wangepewa miezi sita wawaondoe waliobaki, na tangazo hilo likasimamishwa ndani ya siku chache baada ya wananchi kupiga kelele. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele. Hata hivyo katika mabishano yote yale, redioni na magazetini, tulibishana juu ya fedha, leseni na heshima ya nchi. Sikumsikia hata mmoja wetu akiuliza jinsi wanyama wale walivyokuwa wakinyweshwa. Nami sikuuliza.

Hapa ndipo nionapo udhaifu wetu. Kwa sheria yetu ya mwaka 2009 ya wanyamapori, mnyama wa porini ni mali ya umma, na haruhusiwi mtu kumkamata au kukaa naye bila kibali. Ni sheria nzuri. Lakini mwenye mali asiyeijua mali yake huilinda kwa fimbo tu. Mtoto wa Same humaliza shule akijua kwamba kinyonga ni kigeugeu, kwamba ukimkanyaga utapata balaa, kwamba akikudondokea haondoki, na kwamba njia salama ni kumtupia jiwe kutoka mbali. Katika ngano za watu wengi wa Afrika kinyonga ndiye aliyechelewa kuleta ujumbe wa uzima, na tangu hapo tumemlipiza kisasi kizazi baada ya kizazi. Mtoto wa Vienna, ambaye hakuwahi kuuona mlima wetu, anajua kwamba kinyonga mweusi mchana ni kinyonga aliyechukia au mgonjwa, na kwamba macho yaliyodidimia ni kiu.

Sipendekezi kila nyumba ya Same iwe na kizimba. La hasha. Mtu mwenye kinyonga mlangoni mwake kwenye mgomba, akila wadudu bila kudai mshahara, hana sababu ya kumfunga. Ninachopendekeza ni kwamba maarifa haya yafundishwe huku yanakotoka. Walimu wa sayansi wa shule za Mbaga, Chome, Suji na Vudee wanaweza kuwafundisha watoto kumtambua kinyonga mzima na mgonjwa bila kumtoa kwenye tawi lake. Askari wa forodha na wa stendi anayekamata mzigo wa vinyonga afundishwe nini cha kufanya katika saa ya kwanza: awatenganishe, awaweke kivulini penye hewa, awanyunyizie maji, asiwape kisahani. Ushahidi unaokufa kabla ya kufika mahakamani haumsaidii mtu. Na msitu wa hifadhi ya mazingira asilia ya Chome, wenye hekta zaidi ya 14,000, utazamwe kwa jicho la kinyonga pia: kila mkulo unaoangushwa kwa msumeno wa wizi hufungua dirisha la jua kali juu ya vichaka vilivyozoea kivuli, na ukungu hupungua hapo kama vile mtu amezima mtambo.

Haya yote sikuweza kuyasema barabarani. Nilikaa na vijana wale juu ya jiwe, nikachukua jani la mgomba, nikalikunja na kudondosha maji ya chupa yangu juu ya pua ya mnyama, tone kwa tone. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha akafungua kinywa. Akanywa kwa dakika nyingi, akiinua kichwa kila baada ya tone kadhaa kama kuku, na yule kijana mdogo akachuchumaa karibu kabisa asiamini macho yake. Rangi nyeusi ilianza kufifia ubavuni.

Mkubwa alifungua uzi bila kuambiwa. Tulimpandisha kwenye kichaka cha kando ya shamba, tukamwona akienda kwa ule mwendo wake wa kusitasita mpaka majani yakammeza.

Nilipowauliza wanalala saa ngapi, walicheka. Jioni ile tulitembea pembezoni mwa mashamba ya migomba, nikiwa na tochi. Usiku kinyonga hulala kwenye ncha ya tawi na rangi yake hupauka, hivyo mwanga ukimpiga hung'aa kama karatasi nyeupe katika giza. Watalii katika milima ya Usambara hulipa kwa matembezi ya namna hii. Kwa saa moja tuliwaona saba bila kuwagusa, na wawili wa mwisho aliwaona yule mdogo kabla yangu, akanyamaza kwanza, kisha akanivuta mkono.

Tulipoagana mkubwa alinipigia hesabu yake. Kwa picha hupata elfu mbili, na siku ya bahati mara tatu. "Sasa, kaka, hii ya usiku ni nzuri, nami nimeipenda. Lakini mtalii atajuaje kwamba tupo, na nani atatupa ruhusa ya kumwongoza?" Nilimlipa za usiku ule. Maswali yake mawili nimeyabeba kama yalivyo, nayaweka hapa mbele ya Halmashauri ya Wilaya ya Same na ya ndugu zetu wa Wakala wa Huduma za Misitu wanaoitunza Chome. Kijana anangoja jibu pale pale barabarani, na fimbo yake anayo.